Mkoa wa Békés katika Nchi ya Hungaria: Ardhi Yake, Watu Wake na Utawala Wake

Hotuba ya Katibu mbele ya wanachama, katika sherehe ya kutimiza miaka 10 ya Chama Kikuu



Kamati ya sherehe hii ilituagiza tutoe hotuba juu ya wakulima wa nchi ya mbali, ili katika siku ya leo tusijitazame wenyewe tu, bali tuwatazame na wenzetu, tupate kujipima. Tulichagua mkoa mmoja wa nchi ya Hungaria, uitwao Békés. Huenda mwanachama akauliza, "Sisi na Wahungaria tuna uhusiano gani?" Swali hilo ni la haki. Wazee wa kaskazini ya Kenya wanaweza kujibu kwamba Mhungaria mmoja, Teleki Sámuel, alifika Ziwa Turkana mwaka 1888, na jina lake limebakia juu ya mlima mdogo wa volkano kusini ya ziwa hilo. Lakini hiyo siyo sababu yetu, wala Teleki hakuwa mtu wa Békés.

Sababu yetu ni hii. Mkoa ule ni mkoa wa wakulima. Watu wake wamepata kuonja ukabaila, wakaonja ushirika wa hiari, wakaonja ushirika wa kulazimishwa, kisha wakaachiwa tena wachague wenyewe. Na siku za karibuni baraza la mkoa wao lilipoteza mali yake wakati serikali kuu ilipochukua madeni yake. Nasi sote twajua kwamba katika Mkutano Mkuu ujao iko hoja mezani: vyama vya msingi vyenye deni vikabidhi maghala na mizani yao kwa Chama Kikuu, na Chama Kikuu kiyalipe madeni hayo. Maadamu wako watu waliokwisha kuipita njia inayofanana na hiyo, si busara sisi kuiingia kabla ya kuwauliza waliyoyaona.

Nchi yenyewe

Hungaria imo katikati ya Ulaya, nayo haina bahari. Mkoa wa Békés uko katika pembe ya kusini-mashariki, umepakana na Romania. Eneo lake lapata kilomita za mraba 5,630. Mji wake mkuu ni Békéscsaba, na miji mingine ijulikanayo ni Gyula, Orosháza, Szarvas na Békés wenyewe, ambao umeupa mkoa jina.

Nchi hii ni tambarare tupu. Haina mlima wala kilima cha kutajwa; sehemu yake kubwa haizidi mita 100 juu ya usawa wa bahari. Upande wa kusini, kuzunguka Orosháza na Mezőhegyes, udongo ni mweusi na wenye rutuba nyingi, hulimwa ngano, mahindi na alizeti. Upande wa kaskazini udongo ni mzito wa mfinyanzi, na mahali pengine una chumvichumvi, ukikauka hupasuka na ukilowa hunasa. Huko wafugaji wamekuwa na nafasi kuliko wakulima.

Mito ya mkoa huitwa Körös, nayo hutoka katika milima ya Romania. Körös Nyeupe na Körös Nyeusi hukutana karibu na Gyula, zikafanya Körös ya Mito Miwili. Hiyo nayo huungana na Körös ya Mbio, na kuanzia hapo mto huitwa Körös ya Mito Mitatu, hata ukaingia katika mto mkubwa wa Tisza. Kwa kuwa nchi haina mteremko, zamani maji yale yalitambaa kila upande, na theluji ilipoyeyuka milimani sehemu kubwa ya mkoa iligeuka kinamasi. Katika karne ya 19 watu waliinyosha mito ile kwa kukata kona zake, wakajenga matuta kando yake, wakachimba mifereji. Hivyo walipata mashamba pale palipokuwa na matete na samaki.

Faida hiyo ilikuwa na gharama yake. Matuta yanataka kulindwa daima. Mwezi Julai mwaka 1980 tuta la Körös ya Mito Miwili lilipasuka, maji yakafunika mashamba. Na maji yaliyofukuzwa kwa bidii namna ile sasa yanatafutwa. Mwaka 1994 haukuwa wa mwisho wa shida ya mvua katika nyanda zile, na mwaka 2022 ukame mkali uliunguza mahindi yakiwa bado mabichi. Leo wakulima wa huko wajadiliana namna ya kuyazuia maji shambani badala ya kuyasukuma kwenda zake. Sisi tunaolima kando ya mabonde twafahamu maana yake: mfereji wa kutoa maji usio na lango la kuyazuia ni nusu ya kazi tu.

Watu wake

Twende sasa kwa watu. Mwaka 1566 ngome ya matofali ya Gyula, ambayo ingali imesimama hata leo, ilizingirwa na jeshi la Waturuki, ikaanguka. Ikabaki mikononi mwao hata mwaka 1695. Katika vita vya miaka ile vijiji vingi vilitoweka, na nchi nzima ikawa karibu tupu. Baada ya Waturuki kuondoka, mfalme wa ukoo wa Habsburg alimpa mtu mmoja aliyekuwa mgavi wa chakula cha jeshi, jina lake Harruckern János György, mashamba yaliyoenea karibu mkoa wote. Bwana huyo alitaka watu wa kulima, akawaita kutoka kila upande.

Walikuja Wahungaria, walikuja Waslovakia wa madhehebu ya Kilutheri kutoka milima ya kaskazini, wakafika Békéscsaba mwaka 1718 na Szarvas mwaka 1722, walikuja Wajerumani, Waromania na Waserbia. Waroma nao wamo. Ndiyo sababu katika mkoa mmoja mtu huweza kusikia lugha nyingi, na katika mji mmoja akaona makanisa ya madhehebu mbalimbali yakitazamana.

Jambo jingine la kuangaliwa ni namna wanavyokaa. Kwa kuwa vijiji vya kale vilikufa, wageni walijikusanya katika miji michache mikubwa, na mashamba yao yakawa mbali. Basi kila mwenye shamba alijenga huko nyumba ndogo na zizi, mahali paitwapo tanya. Wazee na watoto wa shule walikaa mjini, na vijana wenye nguvu walikaa tanya. Mkulima wa kwetu aliye na nyumba kijijini na kibanda cha msimu shambani hahitaji kuelezwa zaidi.

Katika mji wa Szarvas aliishi mchungaji wa Kilutheri, Tessedik Sámuel, aliyezaliwa mwaka 1742 na kufa mwaka 1820. Yeye aliona kwamba watoto wa wakulima walifundishwa mambo mengi ila kulima. Mwaka 1780 alifungua shule ambayo darasa lake lilikuwa nusu ndani na nusu shambani, juu ya ardhi mbovu yenye chumvi. Hapo alionyesha kwa vitendo namna ya kuitengeneza ardhi ile, akaeneza majani ya malisho yaitwayo alfalfa, na miti ya robinia ya kuzuia upepo na vumbi. Wakubwa wengi hawakupendezwa, na shule haikudumu. Lakini mafundisho yake yalidumu, na hata sasa Szarvas ni mahali pa utafiti wa umwagiliaji na ufugaji wa samaki. Mti haukui kwa kupendwa na mwenye amri. Hukua kwa kupandwa.

Mkoa umetoa watu wengine pia. Erkel Ferenc, aliyetunga muziki wa wimbo wa taifa la Hungaria, alizaliwa Gyula mwaka 1810. Na Krasznahorkai László, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2025, alizaliwa katika mji huohuo mwaka 1954.

Hata hivyo mkoa huu haukuwa na raha. Mwisho wa karne ya 19 mashamba makubwa yalikuwa ya mabwana wachache, na maelfu ya watu hawakuwa na kitu ila mikono yao. Walivuna ngano ya wengine kwa fungu dogo la mavuno. Mwaka 1891 vibarua wa Orosháza, Békéscsaba na Battonya walikusanyika kudai haki, wakatawanywa kwa silaha. Mwaka 1898 bunge lilitunga sheria ya kuwabana wavunaji, ambayo vibarua wenyewe waliiita sheria ya utumwa. Baadaye mkulima wa Békéscsaba, Áchim András, aliingia bungeni na mwaka 1906 akaanzisha chama cha siasa cha wakulima; alipigwa risasi nyumbani kwake mwezi Mei 1911 akafa. Kwa ajili ya mambo hayo nchi hii ilipata jina la Viharsarok, maana yake Pembe ya Dhoruba.

Baada ya Vita Kuu ya Pili dhoruba ilikuwa ya namna nyingine. Kati ya mwaka 1946 na 1948 Wajerumani wengi wa Elek walifukuzwa, na Waslovakia wengi wa Békéscsaba na Tótkomlós walihamia Czechoslovakia kwa mapatano ya kubadilishana watu. Nyumba zikabaki, majirani wakaondoka.

Ushirika wa hiari na ushirika wa amri

Hapa, ndugu wanachama, twawaomba mtusikilize kwa makini, maana tumefika katika jambo letu wenyewe.

Wahungaria walijua ushirika mapema. Mwaka 1898 Károlyi Sándor na wenzake walianzisha chama cha ushirika cha kununua na kuuza bidhaa, wakakiita Hangya, yaani Sisimizi. Kilikuwa cha hiari; mwanachama alinunua hisa, akawa na sauti yake.

Mwaka 1945 serikali iliyagawa mashamba ya mabwana, na watu zaidi ya laki sita nchini wakapata ardhi. Vibarua wa Békés waliosubiri tangu enzi za babu zao walishika hati mkononi kwa mara ya kwanza. Lakini haikupita miaka mitano, utawala mpya wa kikomunisti ulianza kuwasukuma waitoe ardhi ileile na kuiingiza katika mashamba ya ushirika. Mkulima alipangiwa nafaka ya kutoa kwa serikali kwa bei ya chini, na asiyetimiza alifikiwa na maofisa waliofagia ghala yake juu ya dari hata punje ya mwisho. Mwaka 1953, Waziri Mkuu Nagy Imre aliporuhusu watu wajitoe, wengi walijitoa. Wakati wa mapinduzi ya mwaka 1956 vyama vingi zaidi vilivunjika. Ndipo kuanzia mwisho wa mwaka 1958 hata mwaka 1961 watu waliingizwa tena, na mara hii hawakuachiwa.

Je, mashamba yale yalishindwa kabisa? La. Ni wajibu wetu kusema kweli. Baada ya miaka ile watawala walilegeza kamba: kila mwanachama aliachiwa kishamba chake cha nyumbani, na kuanzia mwaka 1968 vyama vilipewa uhuru zaidi wa kupanga na kuuza. Katika vishamba vile wanachama walifuga nguruwe na kuku na kupanda mboga kwa wingi sana, na chama kiliwapa mbegu, chakula cha mifugo na soko. Penye nafasi ya mtu kuona jasho lake, kazi ilikwenda. Ila daftari la wanachama lilikuwa limejazwa kwa amri. Na sheria ya mwaka 1992 ilipowapa ruhusa ya kutoka na fungu lao, wengi walitoka, na vyama vingi vikafa au vikageuka makampuni. Miaka 30 ya matrekta na maghala haikutosha kulifuta kosa la mlango wa kuingilia.

Tusiwacheke. Hapa Tanzania vyama vikuu vya ushirika vilifutwa kwa amri mwaka 1976, na sheria ya mwaka 1982 ikaviruhusu tena. Serikali za mitaa nazo ziliondolewa mwaka 1972, zikarudishwa kwa sheria za mwaka huohuo wa 1982. Yaliyowapata wenzetu tuliyaonja nasi.

Utawala wa mkoa

Mikoa ya Hungaria ni ya kale sana. Asili yake ni zamani za Mfalme István wa Kwanza, aliyetawazwa karibu na mwaka 1000, ambaye aliigawa nchi kwa ngome na kuweka mkuu katika kila moja. Makao ya mkoa wa Békés yalikuwa Gyula kwa muda mrefu, yakahamishiwa Békéscsaba mwaka 1950, wakati utawala wa kikomunisti ulipoweka mabaraza yaliyopokea amri kutoka juu.

Mwaka 1990 mambo yaligeuka. Kila kijiji na kila mji ulipewa baraza lake la kuchaguliwa na mali yake. Mkoa nao ulikuwa na baraza lililosimamia hospitali ya mkoa huko Gyula, shule kadhaa na nyumba za kutunzia wazee. Lakini kazi zilikuwa nyingi kuliko fedha. Mabaraza mengi ya nchi ile yalikopa, na mengine yalikopa kwa faranga za Uswisi kwa kuwa riba yake ilikuwa ndogo. Msukosuko wa fedha ulipokuja mwaka 2008, thamani ya fedha yao ilishuka na deni likavimba. Wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga.

Serikali kuu ikaja na neno. Iliyachukua madeni ya mabaraza ya mikoa, na tangu tarehe 1 Januari 2012 ikachukua pia hospitali, shule na majengo yao. Mwaka 2013 shule za miji na vijiji nazo zikawekwa chini ya serikali kuu. Baraza la mkoa lingalipo; huchaguliwa kila miaka 5, na uchaguzi wa mwisho ulikuwa mwezi Juni 2024. Lakini kazi yake kubwa sasa ni kupanga maendeleo na matumizi ya ardhi. Tena wakazi wa Békéscsaba hawalipigii kura, kwa kuwa mji wao una hadhi ya mkoa. Kando yake iko ofisi ya serikali kuu, ambayo mkuu wake huteuliwa na, tangu mwaka 2022, ameitwa kwa cheo cha kale cha főispán. Chini ya ofisi hiyo ziko wilaya 9, zilizorudishwa mwaka 2013, ambako raia huenda kutaka hati na vyeti. Vijiji vyenye watu wasiofika 2,000 vimeagizwa kuwa na ofisi moja ya pamoja, ingawa kila kijiji kina meya wake.

Katika hayo liko jambo moja tunalolisifu. Kila taifa dogo, kama Waslovakia, Waromania au Waroma, laweza kuchagua baraza lake la kutunza lugha na desturi, na baraza la Waromania la nchi nzima lina makao yake Gyula.

Wanaoutetea mpango wa mwaka 2012 husema deni liliondoka, na mtoto wa mji maskini sasa ana haki sawa na wa mji tajiri. Wanaoupinga husema paa la shule likivuja, barua hupanda mbali kabla fundi hajaja. Si kazi yetu kuwahukumu. Kazi yetu ni kuona kwamba deni lilipoondoka, funguo ziliondoka pamoja nalo. Na watu wenyewe wamepungua: mwaka 1990 mkoa ulikuwa na watu zaidi ya 400,000, mwaka 2011 karibu 360,000, mwaka 2022 hawakufika 330,000. Watoto wanaozaliwa ni wachache, na vijana hufuata kazi Budapest na nchi za nje. Sababu zake ni nyingi, wala hatusemi ni za utawala peke yake. Lakini kijana hukaa mahali anapoona neno lake lina uzito.

Neno letu kwa Mkutano Mkuu

Ndugu wanachama, sisi ni watumishi wa Chama Kikuu, na hoja ikipita ofisi yetu itakuwa kubwa zaidi. Ndiyo sababu imetupasa tuseme wazi: msiipitishe kama zawadi, wala msiikatae kwa hofu. Kwanza, chama cha msingi kipige kura yake chenyewe, wanachama wakiwa wametimia, wala kisiingizwe kwa barua ya ofisini. Pili, deni liandikwe: kiasi chake, aliyelikopa, na lililotumiwa kwa kazi gani. Tatu, iandikwe tarehe ambayo ghala na mizani vitarudi deni likiisha kulipwa. Nne, siku zote za kati mwakilishi wa chama cha msingi awepo mizani inaposoma, naye awe na nakala ya daftari. Mali bila daftari huisha bila habari.

Hoja ikiwa na mambo hayo manne, tutaitumikia kwa moyo mweupe. Ikiwa hayamo, mwenye kuinua mkono ajue anainua kwa ajili ya wajukuu wake pia, maana kilichotolewa kwa mkutano mmoja chaweza kutaka miaka 30 kurudi.

Twawatakieni nyote heri ya mwaka wa 10. Mungu aubariki msimu huu, na kazi ya mikono yenu.